Nilivyotumwa Uingereza Kumleta Kaka Idrisa

Ndugu zangu wa mpira wa Jumapili, tangu nirudi hamnipi nafasi hata ya kufunga kamba za viatu. Kila mtu na swali lake: kulikuwaje, ulikula nini, ulikutana na nani. Nikimaliza kumjibu mmoja anakuja mwingine, naanza upya. Sasa naandika mara moja tu, someni wote, halafu tucheze. Shule mnajua sikufika mbali, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda inyoosheni wenyewe.

Kwa asiyejua, Kaka Idrisa ni mtoto wa mama mkubwa, yule mwenye duka la khanga na mitandio Fordsburg, ambako mimi ndiye mpangaji na mpanguaji wa bidhaa. Idrisa alizaliwa Tanga, akakulia hapa hapa Johannesburg, na alipopata ujana akamfuata baba yake Uingereza. Kule akawa mchezaji wa kulipwa, kiungo kama mimi, ila yeye wa kweli. Siyo kwenye zile timu zinazotugombanisha mbele ya televisheni. Ni madaraja ya chini, chini kabisa, ambako anayekata tiketi mlangoni ndiye huyo huyo anayekata nyasi. Msimu huu timu hii, msimu ujao timu ile. Mkataba wa mwaka, begi begani, mji mwingine.

Miaka yote hiyo hakurudi hata mara moja. Kila akiulizwa anasema msimu ukiisha. Mama mkubwa naye hapandi ndege, anasema hawezi kukaa ndani ya kitu ambacho hakijashika chini. Kwenye simu walikuwa wanazungumza hali ya hewa na chakula. Neno mpira halikutajwa, kama vile ni ugonjwa wa ukoo.

Siku moja tunakunja khanga, akaniambia, "Mudi, nenda kamlete kaka yako. Mwambie sitaki zawadi. Nataka uso wake."

Nikasema sharp, mama mkubwa, nitamleta. Nilisema kirahisi vile vile kama mtu aliyetumwa chumvi kwenye spaza ya mtaani.

Fordsburg mpaka kwenye ndege

Aliyejitolea kunipeleka uwanja wa ndege ni Papi, golikipa wetu Mkongo. Papi, nakushukuru, lakini hukuwa na haja ya kupitia Randburg kuchukua tairi. Umeme ulikuwa umekatika, roboti zote za barabarani zimelala, hakuna nyekundu wala kijani, magari yanapishana kwa kuoneana huruma. Mimi nimeshika tama, Papi anapiga mluzi. Kila nikimwuliza kama tutawahi ananijibu, "Tulia, ndege yenyewe inachelewaga." Na kweli ilichelewa, ndiyo maana hadi leo anajiona nabii.

Mama mkubwa alinifungia achari ya embe, kopo zima la visheti, na kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe kwa ajili ya kichwa ambacho hajakiona miaka mingi. Alifunga zipu ya begi, akaifungua kutazama, akaifunga tena. Hakulia. Alisema tu nisisahau kwamba kurudi tunarudi wawili.

Addis Ababa, ukungu ulipotufunga

Addis tulikuta ukungu, ndege ya pili haiondoki. Nikakaa karibu na mama mmoja Mrundi, naye mtu wa Johannesburg, anauza mitumba mjini, anakwenda kumwona binti yake Ubelgiji. Nilipomwamkia shikamoo alifurahi kama amekutana na ndugu. Nikamkaribisha visheti. Kwa adabu alichukua kimoja. Baada ya hapo adabu ikaisha.

Nikamsimulia nilivyotumwa. Akatafuna, akafikiri, akasema, "Mutu mukubwa habebwagi, mwana wangu. Anakuyaga yeye mwenyewe."

Nilimcheka kimoyomoyo. Nikasema huyu hekima zimemjia kwa sababu anakula vya watu. Ndege yake ilipoitwa, kopo lilikuwa limebaki sukari chini. Akaniaga kwa kunibusu mashavu mara tatu, kwa desturi zao, na mimi nilidhani ni mara moja, tukagongana pua mbele ya abiria wote.

Mji wa Upepo

Kabla ya kuendelea: miji ya Uingereza inaandikwa hivi inatamkwa vile, na nimejaribu kuitaja mbele yenu mkanicheka. Kwa hiyo nimeipa majina yangu.

Nilikuwa nimejitayarisha. Nikimwona tu Idrisa nitamwambia pale pale, kaka, mama anakuita. Nikatoka mlango wa wasafiri, nikatafuta mtu mkubwa mwenye kifua, kumbe ni yule mwembamba anayechechemea, amevaa koti la timu moja na suruali ya timu nyingine. Ananukia dawa ya misuli. Akanikumbatia muda mrefu, halafu akawahi yeye.

"Najua ulichotumwa," akasema. "Usikiseme kwanza. Jumamosi nina mechi ya mwisho ya msimu, kaskazini. Twende, njiani nikuonyeshe nilikopita."

Gari lake ni dogo, magoti yangu yalikuwa karibu na masikio. Nyuma kumejaa viatu vya mpira, kila pea na tope la mji wake. Yeye anaendesha, mimi nasinzia, na mara nikiamka namkuta anaimba qasida za Tanga kwa sauti ndogo huku mvua inanyesha.

Mji wa Upepo uko pwani, lakini ni pwani ya kukasirika. Idrisa alisema hapo golikipa akipiga mpira mbele anaweza kuupokea tena yeye mwenyewe. Tulimkuta mzee mmoja juu ya ngazi anapaka rangi ukuta wa uwanja. Alipotuona alishuka haraka hadi nikaogopa ataanguka, akamkumbatia Idrisa na rangi yake yote. Akanieleza kwamba mvua ikijaza uwanja, wachezaji wengine walikuwa wanakaa ndani wanasubiri mechi iahirishwe, Idrisa anatoka na fagio kumsaidia kusukuma maji. Akaniuliza kama kwetu wote tuko hivyo. Nikasema ndiyo. Mnisamehe, nilikuwa naiwakilisha familia.

Kumbe kulikuwa na jambo jingine. Mzee alimvuta pembeni, na tulipokuwa tunakula samaki na viazi ndani ya gari Idrisa akaniambia. Timu hiyo inamtaka tena. Mwaka mmoja. Wanataka jibu Jumatatu. Na ndege yetu mimi na yeye, ile aliyoipanga mama mkubwa kichwani mwake, ilikuwa Jumapili.

Nilikuwa nimewaomba dukani pilipili wakanipa unga mweusi wa pilipili manga, na sasa hata huo sikuusikia.

Mji wa Biskuti

Mji huu unaunusa kabla hujauona, kuna kiwanda, hewa yote inanukia biskuti za maziwa. Mimi nikafungua dirisha nivute. Idrisa akalifunga.

"Hapa hatusimami," akasema, akakanyaga mafuta.

Gari lilisikia. Lilikohoa mara moja, likafa katikati ya mji. Yeye akafunua boneti, akanipa simu nizungumze na fundi wa kuvuta magari, nimwelekeze tulipo. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha Johannesburg kwamba tumepita roboti ya kwanza, tuko mbele kidogo ya roboti ya pili. Fundi akaniuliza kwa upole kama nimeumia kichwa. Nikazidi kumweleza, roboti, ile yenye taa nyekundu inayokuangalia. Idrisa alininyang'anya simu akiwa anacheka hadi akajipaka mafuta ya injini shavuni. Kumbe wenzetu wanaziita taa tu. Roboti kwao ni yule mtu wa chuma.

Tulikaa ndani ya gari kumsubiri huyo fundi, na kicheko kilipoisha Idrisa akaniambia mwenyewe bila kuulizwa. Uwanja uko nyuma ya nyumba zile. Alicheza hapo msimu mmoja. Mechi ya mwisho, penalti, wakifunga wanabaki daraja lile, wakikosa wanashuka. Akapiga yeye. Akakosa. Walishuka, na mkataba hawakumpa tena.

"Mudi," akasema, "niliondoka nikimwambia mama ataniona kwenye televisheni. Sasa nirudi, watu Fordsburg waniulize ulicheza wapi, niwatajie nini? Miji ambayo hata Waingereza hawaijui? Nimtie mama aibu dukani kwake?"

Mimi ni mwepesi wa machozi, mnanijua. Nikajifanya natafuta kitu kwenye begi. Nikaitoa ile kofia ya sufu nikampa. Akaivaa. Ilikuwa ndogo, ilikaa juu kama kifuniko cha buli.

Ndipo akagonga kioo mama mmoja wa Kizungu, mwenye aproni. Alikuwa na kibanda cha chai pale uwanjani miaka hiyo, na bado anacho. Amemtambua Idrisa kupitia dirisha la nyumba yake, kofia na yote. Idrisa akainamisha macho, nadhani akisubiri penalti itajwe. Mama yule hakuitaja. Aliniambia mimi kwamba mumewe alipokuwa hospitali, huyu ndiye aliyekuwa anambebea makreti ya maziwa na chupa za gesi kila mechi, akiwa tayari amevaa jezi. Akarudi ndani kwake, akatuletea chai na pai za moto. Akasema ni za jibini na viazi, hazina nyama, anakumbuka Idrisa hali nyama yao.

Tulikula zote. Chai ilikuwa haina hata tangawizi, lakini ilikuwa chai.

"Sikujua kuna mtu hapa anakumbuka kitu kingine," Idrisa akasema. Fundi alipofika akatutazama, hasa mimi, akaniuliza roboti iko wapi.

Mji wa Makaa

Huku ndiko anakocheza sasa, kaskazini, milima ya nyasi na nyumba nyeusi za zamani za wachimba makaa. Siku ya kabla ya mechi nikaenda naye mazoezini kutazama, na kumbe mchezaji mmoja mke wake anajifungua, wamepungukiwa. Kocha akaniuliza kama nacheza. Nikasema nacheza kiungo, Johannesburg. Hakuuliza zaidi, labda alidhani ni timu.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Mpira wa kwanza umenijia vizuri, nimeutuliza, mara nyuma yangu wanapiga kelele wote, "Taimu! Taimu!"

Kwetu mtu akikutaimu amejibanza mahali anakuvizia. Na sisi wa Johannesburg neno hilo tunalisikia kwa mwili mzima. Umeshuka teksi, simu mkononi, mwenzako akikunong'oneza "wanakutaimu", huulizi nani, unatoka mbio. Basi mimi nikaupiga ule mpira bila kutazama, ukavuka ukuta, ukaangukia kwa kondoo. Wa pili hivyo hivyo, taimu, kwa kondoo. Wa tatu niliupiga na mimi mwenyewe nikakimbia upande wa pili. Wachezaji wakasimama. Kocha akamwuliza Idrisa kwa Kiingereza huyu ndugu yako anamkimbia nani.

Idrisa alikuwa amekaa kwenye nyasi, hawezi kusimama kwa kucheka. Akaja, akanishika mabega. "Mudi, wanakwambia una muda. Maana yake nyuma yako hakuna mtu. Tulia. Geuka, tazama mbele."

Mpira uliofuata wakapiga kelele tena, nami nikasimama nao mguuni. Eish, nilijisikia ajabu. Sikumbuki ni lini mtu alinipigia kelele ili nitulie. Nilitulia sana, hadi yule mwenye nywele nyekundu akaja akanipokonya kwa starehe.

Jumamosi nikakaa jukwaani na wazee wa mji, jukwaa dogo la mabati. Nikawagawia achari. Mmoja mnene aliichota kwa kijiko kama jamu, akalia machozi kipindi kizima cha kwanza, na akaniomba nyingine. Idrisa uwanjani ana bandeji kifundo cha mguu, na jibu la Jumatatu hajaniambia, wala mimi sijathubutu kumwuliza. Nikaona nimeshindwa kazi. Nikasema basi, kama simleti kwa mama, nimlete mama kwake. Nikampigia mama mkubwa simu ya video.

Alikuwa dukani, akaniegemeza kwenye kopo la pini. Nikamgeuzia kamera uwanjani.

"Mbona anatembea?" akauliza.

Nikamweleza kwamba kiungo mkongwe hakimbii ovyo, anajua mpira utafika wapi, anautangulia.

"Anatembea," akasema. "Na huyo wa jezi nyekundu anamfuatafuata nini mwanangu? Mwambie refa."

Mara Idrisa akapokea mpira katikati, na wenzake wakapiga kelele lile neno. Mama mkubwa akalipuka kwenye simu. "Mudi, wanamtaimu mwanangu! Idrisa, geuka! Geuka!"

Wazee wakanizunguka kuuliza mama huyu anasema nini. Nikawaambia ni mama yake, anamwambia ageuke. Weee. Walilipenda neno lile kupita achari. Jukwaa zima la wazee wa makaa likaanza, geuka Idrisa, geuka Idrisa, kwa matamshi ambayo siwezi kuyaandika. Idrisa akasikia Kiswahili kutoka kwenye mabati. Akasimama wima katikati ya uwanja, ameduwaa, mpira ukachukuliwa mguuni kwake, wakakosa kutufunga kwa unywele. Mama mkubwa alicheka hadi akaiangusha simu, ikabaki inatuonyesha dari la Fordsburg.

Mechi iliisha sare. Idrisa akanikuta maegesho ya magari, bado amevaa viatu vya mpira.

"Nani kawafundisha wale wazee?"

"Mama."

Akanitazama. "Ameona?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

"Amesemaje?"

"Amesema unatembea sana."

Alicheka hadi akakaa chini kwenye lami. Kicheko kikaenda kikabadilika njiani, nikatazama pembeni, nikahesabu mbavu za mabati ya jukwaa. Alipoinuka akajipangusa suruali.

"Ndege ya kesho saa ngapi?" akauliza.

Nikamwuliza na wale wa Upepo, wanaotaka jibu Jumatatu. Akasema hawajasema hiyo Jumatatu awe wapi.

Kurudi Fordsburg

Safari ya kurudi haina habari, mtu mwenye furaha hulala. Uwanja wa ndege mama mkubwa hakukimbia wala hakupiga vigelegele. Alimshika Idrisa uso kwa mikono miwili, akaugeuza kulia, akaugeuza kushoto, kama anayechagua papai. Akasema umekonda. Akanigeukia mimi, akaniuliza kofia ile nani kaifua ikawa ndogo.

Asubuhi yake tukawa dukani wote watatu. Habari zimeshaenea, kila anayepita anaingia, hata asiyenunua. Akaja mteja mmoja wa Kizanzibari, mama mcheshi, ameshika mtandio hana nia nao, akasema, "Haya, mchezaji, tutajie basi. Umechezea wapi na wapi?"

Nikamtazama Idrisa. Swali lenyewe ndilo hilo. Mimi nikataka kudondosha robota la khanga makusudi, lakini yeye akaanza. Taratibu, kwa vidole, mji wa kwanza, wa pili, pale palikuwa na mvua, pale nilivunjika mguu, pale walinipa unahodha. Mteja anaitikia kila jina, enhe, enhe, kama anayajua. Akamaliza na Mji wa Makaa.

Mama mkubwa alikuwa amempa mgongo, anakunja doti. Hakugeuka.

"Umeruka mmoja," akasema. Akautaja Mji wa Biskuti, kwa jina lake lenyewe, herufi zote kama zilivyoandikwa, kwa Kitanga.

Nawaapia mimi sikuwa nimemwambia. Idrisa akanitazama, nikatikisa kichwa.

"Mama, unaujua?"

"Naijua yote. Yule Muhindi wa duka la simu mlango wa pili alikuwa ananitafutia matokeo kila Jumamosi. Wewe hukutaka kusema, na mimi sikutaka kukuuliza."

Idrisa akakaa juu ya robota. "Pale nilikosa penalti, mama. Tukashuka daraja."

"Najua. Siku ile nilifunga duka mapema," akasema. "Nilijua mwanangu hatakula, na mimi ningekulaje." Kisha akamrushia ncha ya khanga. "Haya shika huku, nyoosha, usiniburuzie chini."

Akasimama, akashika. Wakawa wanakunja, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana. Simu ya Idrisa ikaita juu ya meza. Ni wale wa Upepo, wanataka jibu lao. Yeye alikuwa na ncha za khanga mikono yote miwili, akaniambia mimi nipokee, niwaambie asante sana, ila yuko nyumbani.

Nikapokea, nikawaambia.